Jifunze kuzuia pumzi ukiwa bado nyumbani

Baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilianza kuishiwa pumzi kwa vitu vidogo. Kutoka kivukoni Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, hadi nyumbani ni hatua chache, lakini nilisimama mara mbili nikihema. Siti skani ikaonyesha mabonge ya damu kwenye mishipa ya mapafu, nikaanzishiwa dawa. Niliamini dawa ile inayeyusha mabonge. Sivyo. Inazuia mapya na kuzuia yaliyopo yasikue. Kuyayeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, na kuna wakati mwili haumalizi. Ndiyo maana miezi mitatu baadaye, hali ikiwa bado nzito, daktari alitaka kujua damu inapitaje mapafuni, akaniandikia MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

(Kama kifua kimekubana ghafla leo, usisubiri MRI. Nenda dharura sasa hivi.)

Mara ya kwanza picha ziliharibika. Hakuna aliyenieleza habari ya pumzi, nami sikuuliza. Nimelala ndani ya mashine nikasikia, "Toa pumzi, zuia," na kabla ya sekunde 8 nikavuta hewa. Ikarudiwa, ikaharibika tena. Nikavuka ziwa kurudi nyumbani mikono mitupu, nauli imekwisha.

Sasa najua sababu. MRI husikiliza maji yaliyomo mwilini, na mapafu sehemu kubwa ni hewa, kwa hiyo sauti yake ni hafifu tangu mwanzo. Ukipumua katikati ya picha, hata hicho kidogo kinapotea. Wiki iliyofuata nilifanya mazoezi ndani ya kivuko, saa mkononi: natoa pumzi taratibu, nazuia, nahesabu. Nilianza na sekunde 6, nikafika 14. Zuia baada ya kutoa, si baada ya kuvuta, kwa sababu ukishatoa mapafu hurudi karibu mahali pale pale kila mara. Na ukishindwa, sema mapema kiwango chako. Picha zinaweza kufupishwa.

Niliporudi kupimwa nikauliza sumaku inapimaje damu inayotembea, kaka wa chumba cha kipimo akanitajia Mto Mirongo, ule unaopita Mwanza mjini. "Dada, ukitaka kujua maji kiasi gani yanaingia ziwani, utafanyaje?" Unapima ukubwa wa njia ya maji, unapima kasi, unazidisha. Mashine hufanya hivyo kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kwenda mapafuni. Damu inayokimbia hujibu mawimbi tofauti na nyama iliyotulia, na tofauti hiyo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Vibandiko wanavyokubandika kifuani ni vya kufuata mapigo ya moyo, kwa sababu kasi hubadilika ndani ya kila pigo.

Mtu mzima aliyepumzika hupitisha mapafuni karibu lita 5 za damu kwa dakika, na pafu la kulia huchukua zaidi kidogo ya nusu. Langu la kushoto lilikuwa linapata chini ya theluthi. Ningepewa ripoti isemayo tu "mtiririko umepungua" nisingeelewa lolote, kwa hiyo omba namba, na omba picha kwenye sidii ili daktari alinganishe safari ijayo.

Sehemu ya pili ilikuwa dawa ya gadolini kwenye mshipa wa mkono, kuona maeneo ambayo damu haifiki. Kabla yake sema kama figo zako zina shida. Mimi nilipimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Nilikuwa nanyonyesha, nikasema pia, nikaambiwa niendelee kunyonyesha kama kawaida.

Chuma usikiache cha kukumbukia mlangoni. Pini za nywele, hereni, sidiria yenye waya, vyote vibaki nyumbani. Mwenye betri ya moyo, kitanzi au chuma cha mfupa aseme siku ya kupanga miadi, kwa kuwa sumaku ile haizimwi hata usiku.

Wifi yangu anapimwa Alhamisi. Jana jioni tulikaa naye kivukoni, mimi nimeshika saa, yeye anatoa pumzi. Amefika sekunde 11.