Aulize maji kwanza

Ndugu yangu, wasema tumwache mheshimiwa wetu wa bunge la kaunti, eti kuuliza bungeni nani akae viti vya mbele kwenye sherehe pia ni kazi. Hapo sikubaliani nawe. Kifungu cha 185 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimelipatia bunge la kaunti jukumu la kuisimamia serikali ya kaunti, na maji ni kazi ya kaunti. Huku Kisauni, Mombasa, kina mama wangoja mkokoteni alfajiri, mitungi ya lita 20 imepangwa mlangoni, na maji yenyewe ya kisima, yana chumvi hata chai hainyweki! Bomba litatengenezwa lini, na nani? Aulize hayo. Kifungu cha 37 chaturuhusu kupeleka malalamiko kwa maandishi. Tuandike, karatasi ya sahihi nitaizungusha mimi mtaani.