Imani tele, furaha sina: kwa wewe unayeitafuta furaha kwenye dini

Nina jamaa yangu haamini Mungu kabisa, na kila tukikutana lazima anitupie swali lilelile, "hivi we unayeshinda kanisani una furaha kunizidi mimi?" Zamani nilikuwa namjibu fasta kwamba ndio, tena sana, na nilikuwa namdanganya. Manake kipindi kile imani ninayo kweli, nasali asubuhi na usiku, nafunga, kila Jumapili nipo, lakini moyoni nimechoka balaa, saa nane za usiku bado nahesabu mbao za dari, alafu juu ya huo uchovu najiona mnafiki kwa sababu mtu aliyeokoka si anatakiwa awe na furaha muda wote bwana.

Nilipopoteza kazi ndo nikaanza kuona shida iko wapi. Nilikaa wiki sita sijakanyaga ibadani na hakuna hata mmoja aliyenitafuta. Mwanzo nikawalaumu wao, nikasema hawa watu upendo hawana, ila nilivyokuja kutulia nikajiuliza, wangenitafutaje wakati hawanijui? Mi nilikuwa mtu wa benchi la nyuma, naingia ibada imeshaanza, natoka kabla ya baraka. Miaka minne sehemu moja, jina langu hamna anayelijua.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Chaeyoon Lim na Robert Putnam, wa Marekani, ulitoka 2010, nikacheka peke yangu maana nilijiona mle ndani. Wanaohudhuria ibada mara kwa mara waliridhika zaidi na maisha, sawa, lakini kilichowabeba hasa ni marafiki walionao hapohapo wanaposali, yani kuhudhuria bila kuwa na rafiki pale hakukuwa na faida ya maana. Ila wasioamini msishangilie kwanza, kwa sababu hao marafiki walimsaidia zaidi yule ambaye dini yenyewe anaichukulia kwa uzito. Pew, taasisi ya utafiti ya kule Marekani, nao walitoa ripoti 2019, kwa Marekani waliosema wana furaha sana ni asilimia 36 ya wanaoshiriki ibada, na wenye dini ya jina tu ni 25, sawasawa na wasio na dini kabisa. Mi nilikuwa nafika kila wiki lakini nikijipima kwa haki nilikuwa kundi hilo la pili.

Na hizo namba msizimeze nzima nzima. Mtu mwenye sonona hata kitandani kutoka ni vita, sasa ibadani atafika saa ngapi? Kwa hiyo huenda wengine wanahudhuria kwa sababu tayari wako vizuri. Alafu kuna Finland, tangu 2018 inaongoza kila mwaka kwenye ripoti ya furaha duniani na wanaoenda ibada kila wiki kule ni wachache mno. Mtu mwenye serikali inayomshika mkono akiugua au akikosa kazi, mzigo wake si sawa na wa yule ambaye msaada wake pekee ni waumini wenzake.

Sasa kitu kilichoniumiza kuliko vyote. Katika kuhangaika nikaingia kikundi kimoja cha maombi, wakaniambia kazi imeondoka kwa sababu ya dhambi niliyoficha. Miezi mitatu nikawa naitafuta hiyo dhambi, usiku nakumbuka mpaka vitu vya utotoni, nikazidi kukonda. Kuna profesa wa saikolojia anaitwa Kenneth Pargament, yeye na wenzake walifuatilia wazee waliokuwa wamelazwa, matokeo yakatoka 2001: waliodhani Mungu amewatupa, au kwamba shetani ndo kawaletea ugonjwa, walikuwa kwenye hatari zaidi ya kufariki ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona kila ukitoka kwenye maombi unarudi umejichukia zaidi, hama, wala usiage. Na kama usingizi na hamu ya kula vimepotea wiki kadhaa nenda kamuone daktari, mi nilienda, na kusali sikuacha.

Kilichonisaidia upande wa ibada ni kitu kidogo mpaka aibu, kupanga viti. Kwaya siiwezi, sauti sina, nikaomba viti. Pale kuna mzee mmoja mchache wa maneno, siku nikikosa ananipigia jioni, "kijana, leo nimepanga peke yangu, unaumwa?" Basi. Mahubiri ya mwaka mzima sikumbuki hata matatu, simu za yule mzee nazikumbuka zote. Kwa hiyo ukitaka kurudi, omba kazi ya mikono yenye watu wachache, na usikimbie ibada ikiisha, dakika zile za mwisho ndo watu wanajuana.

Yule jamaa yangu ana timu yake ya mpira, na mama yake alipolazwa wale wachezaji ndo walipokezana naye zamu za kulala hospitali kumuuguza mpaka mama akapona. Akaniambia kitu kimoja tu anachonionea wivu, kwamba mi jambo likienda vizuri nina wa kumshukuru, yeye shukrani inamkaa kifuani hajui aipeleke wapi. Nikamwambia aanze na wale wa timu. Akasema kashawashukuru, ila bado imebaki.