Kwa nini Kiazerbaijani, na si Kituruki au Kirusi tu? Jibu la aliyesoma Baku

Ndugu ameuliza kuna faida gani kujifunza Kiazerbaijani ilhali Kituruki kina wazungumzaji wengi zaidi na Kirusi bado kinasikika Baku, mji mkuu wa Azerbaijan. Namjibu kwa niliyoyaona katika miaka minne ya masomo mjini humo.

Mswahili haanzi lugha ile mikono mitupu. Wiki yangu ya pili, dukani, nilikosa neno nikatamka tu «sabuni», na mama muuzaji akanipa sabuni papo hapo, kwa kuwa kwao ni sabun, na ukiiomba ile iliyo mbele yako husema sabunu. Baadaye nikayakuta sual, hesab, səfər na rəng, yaani swali, hesabu, safari na rangi, maana wao nao walichota katika Kiarabu na Kiajemi. Tahadhari tu: məktəb ni shule, maktaba ni kitabxana.

Kilichonivuta zaidi ni ujenzi wa maneno. Görmədim ni «sikuona»: gör ni ona, mə ni kanusho, di ni wakati uliopita, m ni mimi. Vipande ni vilevile tunavyovibandika mbele ya mzizi, ila wao huvipanga nyuma. Hata o yao, kama yeye yetu, haibagui mwanamume na mwanamke.

Kuhusu Kituruki, lugha hizi ni ndugu wa karibu, na ukishika moja, nyingine utaifuata bila taabu kubwa. Lakini Kiazerbaijani kinakufikisha pia Tabriz, mji wa Iran, kwa kuwa wazungumzaji wake walio Iran ni wengi kuliko wa Azerbaijan yenyewe.

Kirusi, kwa kweli, kitakutosha kwa shughuli nyingi za mjini. Hakitakufikisha nilikofikishwa na mzee aliyenipangisha chumba. Yeye alisomeshwa kwa herufi za Kisirili, aina ile inayotumiwa na Kirusi, wajukuu wake kwa za Kilatini zilizorejeshwa mwaka 1991, na kitabu alichorithi kwa babu yake, mashairi ya Füzuli wa karne ya 16, kiko kwa herufi za Kiarabu, ambazo nyumbani mle hakuna aliyezijua. Mimi nilizisoma chuoni utotoni. Basi jioni, chai ikiwa katika armudu, zile bilauri zao zilizobanwa kiunoni, nilimtamkia neno baada ya neno, naye akanisahihisha irabu, akanieleza maana, na kila beti lilipokamilika alilirudia polepole, macho kayafumba.