PhD ya hisabati: ukiacha uhadhiri, unajiandaaje?

Mkuu, umesema uko mwaka wa pili hapo Iringa, tasnifu yako ni modeli ya ugonjwa wa mlipuko, na nafasi za uhadhiri unaziona finyu. Usikimbilie vyeti vya mtandaoni. Anza na lile jedwali la vigezo (namba unazoingiza kwenye modeli) kwenye tasnifu yako.

Tasnifu nyingi za aina hii zina R0 (wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza mwanzoni, kabla yeyote hajapata kinga), zina uthibitisho wa uthabiti (lini ugonjwa unatoweka, lini unabaki), halafu vigezo nusu ni "makisio" na nusu vimeokotwa kwenye makala za nchi nyingine. Chuoni zinapita. Kwenye usaili wa taasisi ya utafiti wa afya ndipo utabanwa.

Chukua SIR ya kawaida, modeli inayogawa watu kuwa wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa na waliopona. β ni kasi ya kuambukiza, γ ni kasi ya kupona (1 gawa kwa siku za kuambukiza), na R0 ni β gawa kwa γ. Mwanzo wa mlipuko wagonjwa huongezeka kwa kasi β − γ. Tuseme data zinakupa 0.1 kwa siku, yaani idadi inajirudia mara mbili kila siku 7 hivi. Ukichukulia mgonjwa anaambukiza siku 5, γ ni 0.2, β ni 0.3, R0 ni 1.5. Ukichukulia siku 10, γ ni 0.1, β ni 0.2, R0 ni 2. Data zile zile! Na grafu zote mbili zinapita kwenye nukta vizuri tu, kompyuta haikuonyi. Kwa hiyo siku za kuambukiza zitafutwe kwenye vipimo vya wagonjwa, na R0 itolewe kama masafa, si namba moja. Ukiweza kumweleza hivyo mganga mkuu wa wilaya kwa ukurasa mmoja usio na herufi ya Kigiriki, umeshaanza kuajirika.

Programu: R au Python, moja inatosha, pamoja na SQL (lugha ya hifadhidata) ya kuunganisha majedwali. Zoea data chafu. "Rungwe" na "RUNGWE" zitahesabiwa wilaya mbili. Kituo cha afya ambacho hakikuleta taarifa kikijazwa 0, umetengeneza wiki isiyo na wagonjwa.

Kilimo wengi wanakisahau, na Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ipo hapo Mbeya. Soma usanifu wa majaribio: kwenye shamba la mteremko, kila bloku (kundi la vipande vya shamba vinavyolinganishwa pamoja) ilale kufuata kontua (mstari wa kimo kile kile), maana rutuba hushukia chini, ukiipanga kutoka juu kwenda bonde, tofauti ya udongo inaingia kwenye tofauti ya mbegu.

Bima nayo ipo, ila mitihani ya uaktuari (hesabu za hatari za bima) inaanzia chini, PhD haikurushi.

Msimamizi wa tasnifu akigoma kubadili sura ili uingize data halisi, omba data hizo ziingie kama kiambatisho.