Picha ya kifua "safi", pumzi bado inabana: kwa nini nisingekimbilia MRI ya mwili mzima

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mdogo wako wa kike ana miaka 31, pumzi inambana mwaka wa pili sasa, dawa ya pumu ya kuvuta haimpi nafuu ya maana, na picha ya kifua imetoka "safi". Unauliza kama kuna ugonjwa adimu umejificha, na kama si afadhali akapige MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya mwili mzima ili kila kitu kionekane kwa mkupuo mmoja.

Mimi si daktari. Ni mpiga picha wa hospitali, mwaka wa 19 huu, minane ya mwisho nikiwa kwenye CT, ile mashine ya eksirei inayozunguka mwili na kuuonyesha kipande kwa kipande. Nitajibu kwa yale niliyoyaona upande wangu wa kioo, mengine yote ni ya daktari wake.

Nianze na hiyo MRI, maana wachangiaji kadhaa hapo juu wamekwambia ndicho "kipimo kikubwa". Vipimo hivi si ngazi, kwamba eksirei iko chini na MRI iko kileleni. Kila kimoja kina macho yake. MRI inafuata haidrojeni, ambayo mwilini iko kwa wingi kwenye maji na mafuta, ndiyo maana ubongo, uti wa mgongo na magoti hutoka kama vimechorwa kwa kalamu. Sasa pafu ni nini? Sehemu kubwa ni hewa. Haidrojeni ni kidogo, na kila hewa inapopakana na nyama, uga wa sumaku unavurugika. MRI ya kawaida ikipita kifuani inaacha giza palepale unapotaka kuona. Mdogo wako anaweza kulala humo saa nzima, mashine inamgongea masikioni, akatoka na ripoti ndefu ya mgongo na isiwe na neno la kusaidia kuhusu pafu.

Na hiyo ripoti ya mgongo nayo ni balaa lake. Yalichapishwa mapitio ya tafiti mwaka 2015 kuhusu watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake ukimpiga picha mtu mzima kila mahali, utakuta kitu. Kimfuko cha maji kwenye figo, kinundu juu ya figo, diski iliyotuna. Nimeona watu wanaingia na kikohozi wanatoka na hofu ya saratani ya kitu ambacho wangezeeka nacho bila kujua kipo.

Sasa turudi kwenye neno "safi". Eksirei ni kivuli, tangu ile ya kwanza ya Röntgen mwaka 1895 hadi leo. Kila kilichopo kati ya mgongo na kifua kimelaliana kwenye karatasi moja: mbavu, moyo, mishipa, pafu lenyewe, na moyo unafunika sehemu nzuri tu ya pafu la kushoto. Nimonia, maji kwenye pafu, shimo la kifua kikuu, moyo uliotanuka, hivyo mara nyingi vinaonekana, na ndiyo sababu bado tunaanza na eksirei. Lakini pumu yenyewe kwa kawaida haiachi alama. Bonge la damu kwenye mshipa wa pafu linaweza kukaa na picha ikaonekana nzuri kabisa. Magonjwa yanayokula pafu polepole, mwanzoni hayatupi kivuli cha kutosha. Kwa hiyo "safi" isome hivi: yale makubwa ya kawaida hayajaonekana. Basi.

Na upande wa pili, kivuli kinaweza kuwepo na ugonjwa usiwepo. Hili ni kosa langu mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini. Alikuja binti na kikohozi cha wiki tatu, nywele kasuka nene, amezifunga kwa nyuma zikaangukia begani. Nikamsimamisha, kidevu juu, vuta pumzi, shikilia, nikapiga. Majibu yakarudi: weupe kwenye ncha ya pafu la kulia, uchunguzi wa kifua kikuu ufanyike. Ncha ya pafu ndipo kifua kikuu hupenda kukaa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja wa kazi akaiangalia picha, akafuata ule weupe kwa kalamu ukapanda, ukapita mfupa wa bega, ukaendelea shingoni nje ya pafu. "Kifua kikuu hakipandi shingoni namna hiyo, mwanangu. Rudia, funga nywele juu." Tukarudia. Pafu jeupe halikuwepo tena. Tangu siku hiyo nywele ni kitu cha kwanza ninachotazama mtu akiingia, kabla ya mkufu.

Kitu ninachotaka ukichukue ni hiki: picha hujibu swali iliyoulizwa. Swali liko kwenye ile fomu ya kuombea kipimo, na fomu nyingi zinazonifikia zina neno moja. "Kikohozi." Daktari wa radiolojia anayesoma hajamwona mgonjwa, yuko chumba kingine, ana foleni ya picha, na anatafuta alichoambiwa atafute. Kuna jaribio maarufu kwenye fani yetu, la mwaka 2013. Wataalamu 24 walipewa CT za mapafu watafute vinundu, na ndani yake kukawa kumebandikwa picha ya sokwe, ukubwa wake mara 48 ya kinundu cha kawaida. Ishirini hawakumwona. Si wazembe. Waliulizwa vinundu, wakaona vinundu.

Ndipo nikusimulie kuhusu dada mmoja niliyempokea CT miaka michache iliyopita, maana kisa chake kinafanana na cha mdogo wako (sisemi ndio ugonjwa wake, tafadhali usiende kumtisha). Umri ulikuwa hapohapo thelathini na kitu. Fomu: "Pumu isiyotulia." Nikamlaza, nikamwambia anyanyue mikono juu ya kichwa, gauni likafunguka ubavuni, nikaona makovu mawili mafupi sambamba, moja limekolea kuliko jingine.

"Dada, haya ni ya nini?"

"Waliniwekea mpira, kaka. Hewa ilivuja kwenye pafu. Hili la mwaka juzi, hili la zamani kidogo."

"Fomu haijasema."

"Hakuna aliyeniuliza."

Pafu kutoboka mara mbili bila ajali, kwa mwanamke mwenye umri huo. Nikatoka nikampigia simu daktari wa radiolojia kabla ya kugusa kitufe. Kimya kidogo, kisha akasema nitengeneze vipande vya milimita 1, nisiishie kwenye vile vya milimita 5, na nishuke chini kidogo nichukue figo.

Kwenye vipande vinene pafu lilikuwa kama limechakaa tu. Kwenye vyembamba yakatokea matundu, mviringo, kuta nyembamba kama za povu la sabuni, yametawanyika juu hadi chini bila kubagua sehemu. Figo ya kushoto ilikuwa na uvimbe mdogo. Dokta akaweka kipimo juu yake, ikasoma hasi 70. Kwenye CT maji ni sifuri, hewa ni hasi 1000, mafuta huzunguka hasi 100, ndivyo kipimo cha Hounsfield kinavyokwenda. Hasi 70 ndani ya figo ni mafuta, na uvimbe wa figo wenye mafuta pamoja na matundu yale kwenye mapafu ya mwanamke kijana yanaelekea jina moja: limfangioleiomiomatosi, sisi tunafupisha LAM. Ni ugonjwa adimu, karibu wote wanaoupata ni wanawake, na kabla ya kutajwa hukaa miaka ukiitwa pumu. Picha zile mbili zilitosha, hakukatwa kipande cha pafu. Dawa yake, sirolimasi, ilikuwa ya watu waliopandikizwa figo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa inapunguza kasi ya pafu kudhoofika.

Angalia sasa: mashine ilikuwa ileile inayopiga wagonjwa 30 kwa siku. Kilichobadilika ni makovu mawili kutajwa.

Magonjwa adimu mengine yanatambulika kama unavyomtambua shangazi kwa mwendo, akiwa bado mbali. Ugonjwa wa Wilson, ambapo shaba hujilimbikiza mwilini, wakati mwingine huacha sura kama ya panda kwenye MRI ya ubongo wa kati. Kuna ule wa misuli kugeuka mfupa, FOP, sijawahi kukutana nao, lakini tulifundishwa tusiusahau kwa sababu moja: uvimbe wake unafanana na saratani, na ukimkata mgonjwa kipande ili upime, unachochea mfupa mpya uote. Dalili iko kwenye kidole gumba cha mguu, kifupi na kimepinda tangu kuzaliwa. Mguu utazamwe kabla ya kisu.

Mtu atauliza kuhusu programu za akili bandia. Zipo na zinafanya kazi, Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 kusoma picha za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi. Ila zinajifunza kwa picha nyingi, na ugonjwa adimu ndio huo hauna picha nyingi. Na programu haioni kovu chini ya gauni.

Sasa ya mdogo wako. Mwambie akusanye picha zote za zamani, hata ya miaka sita iliyopita ya homa, na aombe zenyewe kwenye diski, asiridhike na karatasi ya majibu. Pafu la leo likiwekwa kando ya la zamani linasema mengi. Arudi kwa daktari wa mapafu, apulize kipimo cha nguvu ya pumzi kama hajapuliza, na amuulize kuhusu CT ya kifua ya vipande vyembamba. Hiyo kwa kawaida haihitaji dawa ya kudunga mshipani. Ile ya kutafuta bonge la damu ndiyo inayohitaji, na ni kipimo tofauti, kwa hiyo daktari lazima aseme anatafuta kipi. Wakimwambia atoe pumzi yote nje wapige tena, asidhani wamekosea, wanatafuta hewa iliyonaswa. Kama kuna uwezekano wa mimba aseme kabla hajalala kitandani. Mionzi ya CT ya kifua ni makumi ya mara zaidi ya eksirei moja, hoja ya kutoipiga bila sababu, si hoja ya kuikimbia ukiwa na sababu.

Na kwenye fomu, kama daktari hajaandika, amwambie mpiga picha mwenyewe: dalili zimeanza lini, amewahi kuvuta sigara au hapana, pafu limewahi kutoboka, kuna mtu wa ukoo mwenye ugonjwa wa figo au mapafu, anafanya kazi gani na anavuta vumbi gani.

Akishapata majibu, usituandikie hapa "wamesema safi" tu. Nakili mistari yote, hadi ile ya mwisho kabisa inayotaja kilichoonekana chini ya mapafu. Watu wengi huwa hawafiki hapo.