Lokesheni yangu siachii tena "mpaka nitakapozima"

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, rafiki yangu amenuna kwa sababu nimekataa kumwachia lokesheni yangu muda wote. Nimekosea?" Hujakosea hata kidogo, mdogo wangu. Mimi niliachia.

Ilikuwa 2022. Nilikuwa narudi Goba usiku mara tatu kwa wiki: nashuka Mbezi Mwisho, nachukua bajaji. Shoga yangu wa tangu sekondari, tuliyelala naye bweni moja miaka minne, akasema, "Niunganishe kwenye Google Maps niwe nakuangalia ukiwa njiani." Nilishukuru. Simu ikanipa kuchagua: kwa muda maalumu, au mpaka nitakapozima mwenyewe. Nikachagua mpaka nitakapozima, kisha nikasahau kabisa.

Mwaka uliofuata mimi na mume wangu tulikuwa tunahudhuria kliniki. Tulikuwa tunatafuta mtoto, na hata mama mkwe hatukumwambia. Siku moja, kwenye shughuli ya jirani, wanawake wawili nisiowazoea wakanishika mkono wakanipa pole. Pole ya nini? "Tumesikia unavyohangaika na hospitali."

Nilimpigia shoga yangu usiku uleule. Hakukana. "Si ulinipa mwenyewe? Kila Jumanne nakuona uko pale." Kila Jumanne! Hata chaji iliyobaki kwenye simu yangu alikuwa anaiona, maana Google Maps huonyesha na hiyo. Nilizima nikiwa nimekaa sakafuni bafuni, nalia. Hatujaongea tena, na bado inaniuma.

Siku hizi natumia WhatsApp. Ukichagua kutuma mahali ulipo mubashara, unapewa dakika 15, saa 1 au saa 8, na muda ukiisha inajizima. Mimi nachukua saa 1. Usichanganye na lokesheni ya kawaida: ile inabaki pale ulipokuwa wakati unatuma, haikufuati barabarani. Tuma kwa mtu mmoja. Ukituma kwenye grupu, kila aliyemo anakuona, hata aliyeingizwa jana. Halafu ingia kwenye mipangilio ya faragha uangalie nani anakuona sasa hivi, na kwenye Google Maps pia. Fanya leo. Usiseme kesho, mimi nilisahau mwaka mzima.

Na wadada, tuache kupimana urafiki kwa kitone cha kwenye ramani. Mwenye nia njema anataka ufike nyumbani. Akishajua umefika, Jumanne yako ya nini kwake? Anayenuna kwa kunyimwa saa zote 24, mwache anune. Muda mfupi, mtu mmoja, safari moja. Nitalirudia hili mpaka nichoke.

Jumamosi iliyopita basi letu la kutoka Mbeya lilichelewa, tukaingia stendi ya Magufuli saa sita usiku. Nilimtumia mdogo wangu lokesheni ya saa 1, nikapanda bajaji. Njiani bando likakata. Simu inaweza kujua ulipo kwa setilaiti bila bando, lakini kumfikishia mwenzako ni lazima intaneti. Kitone kikaganda. Haikupita dakika tano, akanipigia simu ya kawaida.

"Dada, mbona hamsogei?"

Nilikuwa nimebakiza kona mbili tu. Hakukata simu mpaka aliposikia geti linafungwa.