Maswali na majibu: Ayalandi na vita ambavyo haikupigana

Juma lililopita niligusia kwa mistari miwili nchi zilizokaa nje ya Vita vya Pili vya Dunia, nikaitaja Ayalandi. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali machache kati ya mliyoleta. Kwanza kabisa, kwa wanaoandika kana kwamba Dublin na Belfast ni mji mmoja: Ayalandi ya Kaskazini, ya Belfast, ilikuwa na bado ni sehemu ya dola ya Uingereza, na ilikuwa vitani tangu siku ya kwanza. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya Dublin. Hili sitalirudia.

Je, ni kweli Ayalandi ilikuwa ikizijazia mafuta nyambizi za Hitler? (Dodoma, Tanga, Kisumu, na wengine wengi)

Hapana.

Ningeishia hapo, ila mmeuliza wengi mno, na wengine mmeambatisha picha ya nyambizi iliyotia nanga sijui bandari gani. Jiulizeni: mafuta yenyewe yangetoka wapi? Ayalandi haikuwa na kisima hata kimoja. Kila tone lilikuja kwa meli, na bomba la kulifungia lilikuwa mikononi mwa Uingereza. Kufikia 1943 magari ya watu binafsi yalikuwa karibu yametoweka barabarani. Nchi ya namna hiyo ingetoa wapi matangi ya dizeli ya kumgawia Mjerumani, tena kwa siri, wavuvi wote wa Kerry, kaunti ya kusini-magharibi, wakitazama? Ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza uliutafuta ushahidi huo kwa hamu kubwa na haukuupata.

Kilichotokea kweli ni hiki. Tarehe 4 Oktoba 1939 nyambizi U-35 iliibuka Ventry, ghuba ndogo kwenye rasi ya Dingle, ikawashusha mabaharia 28 wa Kigiriki kwa kiboti. Meli yao, Diamantis, nyambizi hiyo hiyo ilikuwa imeizamisha siku iliyotangulia. Wanakijiji wakasimama ufukweni wakishangaa, nahodha Werner Lott akaaga, akaondoka zake. Baadaye zilikuja pia nyambizi chache zilizomshusha jasusi mmoja mmoja. Chukua habari hizo mbili, tia chumvi ya miaka themanini, na nyambizi inapata kituo cha mafuta. Ukitumiwa tena picha hiyo, muulize aliyekutumia jina la bandari na tarehe. Utaona atakavyonyamaza.

Mwalimu, shikamoo. Walikaa nje kwa sababu walimchukia Mwingereza tu, sivyo? (Mombasa)

Marahaba. Chuki ilikuwepo, lakini chuki haiendeshi sera ya nchi kwa miaka sita mfululizo. Itazame hesabu aliyokuwa nayo Eamon de Valera, mkuu wa serikali, Septemba 1939. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1923, na waliuana hasa kwa sababu ya mkataba na Uingereza. Kupigana bega kwa bega na jeshi la Uingereza kungekitonesha kidonda kile kile, na IRA, jeshi la siri lililopinga mkataba ule, walikuwa wakiingoja nafasi hiyo kwa hamu. Kisiwa kilikuwa kimekatwa vipande viwili. Jeshi lilikuwa dogo, na la majini ndiyo usiseme: lilianza na vyombo viwili vya doria. Kimoja, Muirchú, ndicho kile kile kilichoitwa Helga wakati Waingereza walipokitumia kuipiga Dublin mizinga katika maasi ya 1916. Chombo hicho ndicho sasa kilitakiwa kumzuia Hitler.

Lakini watu hawaulizi kuhusu bandari, na siri yote ilikuwa hapo. Mkataba wa 1921 uliwaachia Waingereza bandari tatu: Cobh, Berehaven na Lough Swilly. Zingebaki mikononi mwao, Ayalandi ingekuwa vitani itake isitake, maana huwezi kudai uko kando huku manowari za upande mmoja zinatia nanga kwako. De Valera alizirudisha 1938 kwa mazungumzo na Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, huku Churchill akipinga kwa nguvu zote. Hakuna risasi iliyopigwa. Kwangu mimi huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko yote, na kila kilichofuata kilisimama juu yake.

Churchill alikuwa na hoja, tusimnyime. Ndege na meli za kusindikiza misafara zingefika mbali zaidi baharini kutoka Berehaven, na wapo mabaharia waliozama ambao huenda wangeokoka. Ila baada ya Ufaransa kuanguka misafara ilihamia njia ya kaskazini mwa kisiwa, na huko Waingereza walikuwa na Derry, bandari ya Ayalandi ya Kaskazini. Na kabla hamjawaita watu waoga, kumbukeni kwamba Norway, Denmark, Uholanzi na Ubelgiji nazo zilijitangaza haziegemei upande wowote. Hitler aliwafuata majumbani mwao. Marekani yenyewe ilikaa pembeni zaidi ya miaka miwili mpaka iliposhambuliwa.

Nasikia Churchill aliwapa kisiwa kizima wakakikataa. Ni wajinga au? (Nakuru)

Walipewa ahadi ya kisiwa. Hayo ni mambo mawili. Juni 1940, Ufaransa ikiporomoka, London ilimtuma Dublin waziri wake wa afya, Malcolm MacDonald, aliyekuwa amejadiliana na de Valera miaka miwili kabla. Pendekezo lilikuwa kwamba Uingereza itakubali kimsingi kisiwa kiungane, nanyi muwe upande wetu. Wakubwa wa Belfast hawakushirikishwa, na walipopata habari waliwaka. De Valera aliona atalipa leo kwa taslimu, kisha asubiri bidhaa baada ya vita kutoka kwa duka ambalo huenda litakuwa limefungwa. Hapo sioni ujinga. Waayalandi na Waingereza walikuwa na historia ndefu ya ahadi za "baada ya vita".

Huyo MacDonald nyie wa Nakuru mnamjua. Ndiye gavana wa mwisho wa Kenya, 1963, na baada ya uhuru akabaki kama gavana mkuu, kisha balozi.

Ni kweli kiongozi wao alitoa rambirambi Hitler alipokufa? (Unguja)

Kweli, na sina haja ya kulipamba. Tarehe 2 Mei 1945 de Valera, pamoja na katibu mkuu wa mambo ya nje Joseph Walshe, alikwenda kwa balozi wa Ujerumani, Eduard Hempel, kutoa pole. Siku iliyofuata katibu wa Rais Douglas Hyde naye akaenda. Utetezi wa de Valera ulikuwa itifaki: Roosevelt alipofariki Aprili, bunge la Dublin liliahirishwa kwa heshima yake, na Hempel binafsi alikuwa amejiheshimu miaka yote, tofauti na mjumbe wa Marekani David Gray ambaye hawakuivana kabisa. Kutokwenda, alisema, kungekuwa utovu wa adabu.

Itifaki gani hiyo? Kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen ilikuwa imeshakombolewa zaidi ya wiki mbili, na dunia ilikuwa imeanza kuziona picha. Angeweza kuumwa siku ile. Viongozi huumwa kila siku kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini anayetumia ziara ile kuthibitisha kwamba de Valera alikuwa Mnazi hajui mengine: mamia ya wanachama wa IRA, waliokuwa tayari kushirikiana na Berlin, aliwaweka kizuizini, baadhi wakanyongwa au kupigwa risasi, na jasusi mkuu wa Kijerumani, Hermann Görtz, akakamatwa Dublin Novemba 1941.

Kuna aibu kubwa zaidi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeiuliza. Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ulaya walibisha mlango wa Ayalandi, na waliofunguliwa walikuwa wachache mno. Mwakilishi wake Berlin hadi 1939, Charles Bewley, alikuwa mtu mwenye chuki dhahiri dhidi yao. Hata mwaka 1946, baada ya yote kujulikana, wizara ya sheria ilikataa kupokea watoto yatima mia moja wa Kiyahudi. De Valera akaingilia, wakafika 1948 kwenye kasri la Clonyn, Westmeath. Mnaotaka kumshtaki mtu, shtakeni kwa hili. Ziara ya dakika chache kwa Hempel haikumfungia mtoto yeyote mlango.

Kama walikuwa wanamsaidia Mwingereza chini ya meza basi walikuwa wanafiki tu. (Arusha)

Hilo si swali, lakini nitalijibu.

Ndiyo, walimsaidia, na sana. Kuanzia 1941 ndege za Uingereza zilizokuwa Lough Erne, ziwa la Ayalandi ya Kaskazini, ziliruhusiwa kukatiza anga ya Donegal, kaunti ya upande wa Dublin, kwenda Atlantiki, na ni moja ya ndege za huko iliyoiona manowari ya Ujerumani, Bismarck, tarehe 26 Mei 1941. Idara ya ujasusi ya Dublin ilibadilishana taarifa na London. Na kuna habari ya Maureen Flavin, msichana aliyefanya kazi posta ya Blacksod, kaunti ya Mayo, ambako kupima hali ya hewa ilikuwa sehemu ya kazi. Tarehe 3 Juni 1944, siku aliyotimiza miaka 21, aliona mgandamizo wa hewa unashuka kwa kasi, dalili ya dhoruba, akatuma namba zake kama kawaida. Simu ikalia. Mwanamke mwenye lafudhi ya Kiingereza akamwomba ahakiki. Akahakiki, namba ni zile zile. Simu ikalia tena. Uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, uliopangwa tarehe 5 ukasogezwa hadi tarehe 6. Yeye mwenyewe hakujua alichokifanya mpaka miaka ya 1950.

Sasa sikiliza upande mwingine. Novemba 1941 Mmarekani aitwaye Roland Wolfe, rubani katika jeshi la anga la Uingereza, aliruka kwa mwavuli huko Donegal ndege yake ilipoharibika, akapelekwa kizuizini katika kambi ya jeshi ya Curragh. Kizuizini hicho kilikuwa na maajabu yake: unasaini karatasi getini kwamba hutatoroka, unakwenda kunywa bia, jioni unarudi. Desemba Wolfe alitoka, akarudi kidogo akijifanya amesahau glavu, akatoka tena bila kusaini, akapanda gari moshi hadi Belfast. Waingereza wakamrudisha kizuizini! Walijua wakiuchezea mpango ule wataukosa. Baadaye marubani wao waliachiwa kimya kimya wavuke mpaka, Wajerumani wakabaki ndani hadi mwisho.

Wewe uite unafiki. Mimi naona serikali iliyojua vizuri nani akishinda watu wake watakuwa salama, na ikajua pia kwamba ikilitamka hilo hadharani mabomu yatafuata.

Kwa hiyo wenzao wanakufa, wao wanakunywa chai kwa raha? (Kericho)

Chai! Mwaka 1941 mgao ulishuka hadi gramu 14 hivi kwa mtu kwa wiki, chini kuliko wa Uingereza. Nyie wa Kericho hizo mnamaliza kabla ya saa nne asubuhi. Gesi ya kupikia Dublin ilifunguliwa kwa saa maalumu, na wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakigusa jiko kwa mkono: likiwa la moto, umeiba mabaki yaliyomo kwenye bomba, unakatiwa.

Na mabomu yaliwafikia. Usiku wa kuamkia 31 Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliupiga mtaa wa North Strand, Dublin, watu 28 wakafa. Kwamba ilikuwa kisasi kwa Dublin kuisaidia Belfast hakuna aliyewahi kuthibitisha, kwa hiyo acheni kuandika kana kwamba mlikuwepo kwenye ndege. Mwezi mmoja na nusu kabla, Belfast ilipoungua kwa mabomu ya Ujerumani na watu wapatao 900 kufa, magari ya zimamoto yalitoka Dublin, Drogheda, Dundalk na Dún Laoghaire yakavuka mpaka kwenda kuzima. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyokaa kando iliyotuma zimamoto vitani.

Waayalandi waliokwenda kupigana walifanywa nini? (Bukoba)

Makumi ya maelfu walijiunga na majeshi ya Uingereza kwa hiari, na wengi walirudi wakapuuzwa tu. Walioadhibiwa ni karibu 5,000 waliotoroka jeshi la Ayalandi lenyewe ili wakapigane. Amri ya 1945 iliwanyima pensheni na kazi yoyote ya serikali kwa miaka saba. Kutoroka jeshi ni kosa, lakini kuadhibu kwa orodha, bila kusikiliza mtu mmoja mmoja, ni ukatili wa makaratasi. Sheria ya kuwasamehe ilipita 2013.

Ilikuwa sawa na siasa ya Mwalimu Nyerere ya kutofungamana? (Dar es Salaam)

Hapana. Ayalandi haikujiunga kamwe na nchi zisizofungamana. Maliza kusoma historia ya Bandung, mkutano wa 1955 wa nchi za Asia na Afrika, kwanza.

Hapa kwetu wazee husimulia askari wa Ayalandi waliokuja Katanga. Mbona nchi isiyopigana ilileta askari? (Lubumbashi)

Wazee wako wako sahihi. Walikuja chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1960, na kwa Dublin kulinda amani hakuvunji msimamo wao. Tarehe 8 Novemba 1960 doria yao ilivamiwa Niemba na wapiganaji wa Kiluba, tisa wakauawa. Septemba 1961 kikosi cha watu kama 155 chini ya Pat Quinlan kilizingirwa Jadotville, yaani Likasi yenu ya leo, kikapigana siku tano mpaka maji na risasi zikaisha, kikajisalimisha bila kupoteza mtu hata mmoja. Kwa hilo walirudi nyumbani wakanuniwa miongo mingi, kana kwamba kufa ndiko kungewapa heshima. Jumla 26 walifia Kongo.

Msimamo huo umeandikwa kwenye katiba yao? (Moshi)

Haumo. Katiba inataka ridhaa ya bunge kabla ya vita, na tangu 2002 inawazuia kuingia katika ulinzi wa pamoja wa Umoja wa Ulaya. Yaliyobaki ni sera, na sera hubadilishwa na serikali yoyote yenye kura za kutosha. Wakati huo huo askari wa Marekani wamepitia uwanja wa ndege wa Shannon miaka na miaka kwenda vitani. Wanasiasa wa Dublin wanaoapa kwa jina la de Valera wangefaa waulizwe Shannon ina tofauti gani na Berehaven.